Siku Niliposhuhudia Kwamba Nimepona

Bwana asifiwe. Ketini tu, na leo msinipigie makofi, kwa sababu yale ya mwaka juzi karibu yaniue.

Si mnakumbuka? Nilisimama hapa hapa nikawaambia nimepona sukari. Wazee walilia, na mama mmoja akavua leso yake akanifunga mabegani. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sindano sikuacha hata siku moja. Wiki hiyo vipimo vilikuwa vizuri kidogo, nikachanganya nafuu na kupona. Halafu nikaogopa kurudi hapa kurekebisha. Nani angerudisha ile leso?

Sasa mwezi uliopita tulitoka hapa Kitale marafiki wanne wa kwaya. Tukapitia Bungoma kumchukua mwenzetu wa Mabanga, tukavuka mpaka kuingia Uganda. Tulitaka kupanda huu mlima wetu wa mpakani kwa upande wao, ati tuone nyumbani tukiwa kwa jirani. Jioni, pale tulipolala, mmoja akasema tupande tukiwa tumefunga, chakula tule huko juu baada ya maombi. Wote wakaitika amina. Amina yangu ndiyo ilisikika zaidi.

Asubuhi nikajifungia chooni nikachoma sindano kama kawaida. Wenye ugonjwa huu naona mmeshaanza kushika vichwa. Nilikuwa na dawa ya kushusha sukari mwilini na tumbo tupu, na mlima ulikuwa unaningoja.

Ilipofika saa nne mikono ikaanza kutetemeka. Kule ni baridi, lakini jasho lilinitoka mpaka shati ikashika mgongo. Mfukoni sikuwa na hata peremende, kwa maana mtu aliyepona abebe peremende ya nini? Njia ilikuwa moja, mimi nikaona mbili. Nikaanguka.

Wenzangu waliniwekea mikono wakaanza kukemea pepo. Siwalaumu, walikuwa wanalia. Nilitaka kusema neno moja tu, sukari, lakini ulimi ulikataa.

Chini kidogo ya njia kulikuwa na mama anapalilia vitunguu. Alikuja mbio na jembe lake. Lugha yake na Kibukusu chetu ni ndugu, kwa hivyo nilimsikia vizuri. Alinigusa shingo iliyolowa, akauliza kama nina sukari.

"Alikuwa nayo," mmoja wetu akajibu. "Alipona. Alishuhudia kanisani."

Ndugu zangu, huko kuanguka kulikuwa afadhali. Hapo ndipo nilishtuka. Maneno yalikuwa yangu mwenyewe, nimevuka mpaka nayo, na sasa yananizika nikiwa nasikia.

Yule mama akafungua chupa ya chai aliyobeba shambani. Mwenzetu akamshika mkono, akamwambia nimefunga. Mama hakupaza sauti.

"Mume wangu alikufa hivi, sisi tukiomba," akasema. "Mungu akiuliza ni nani alimfungulisha huyu, mwambieni ni mimi."

Aliniinua kichwa, akanipa ile chai kidogo kidogo. Ilikuwa tamu mpaka inakwaruza koo. Sijui ilichukua muda gani, lakini ulimi uliporudi nilisema neno moja: "Sikupona." Yule aliyekuwa akikemea kwa nguvu alikaa chini kwenye majani, akaniangalia kama mtu asiyenijua.

Kileleni hatukufika. Walinishusha wakinishika huku na huku mpaka barabarani. Wiki mbili hawakunipigia simu, na nilistahili. Leo wamekuja, wamekaa na mimi. Nawashukuru. Mmoja wao siku hizi huniuliza kila asubuhi kama nimekula. Yule mama hata jina sikumuuliza, mwaona ujinga wangu? Mungu ambariki shamba lake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kilifika mlangoni kikarudi. Mungu anaponya, hilo sikatai hata leo. Mimi bado, na ile chai naamini aliituma yeye. Ukisafiri na watu, waambie unaumwa nini kabla hamjatoka.

Mama, leso yako hii hapa. Nimeifua.

Na kama yuko mwingine aliyepona hapa mbele na bado anameza dawa kwa siri, baada ya ibada nitakuwa pale nyuma kwa mlango. Njoo tuongee. Nimebeba ndizi.