Tangi Lisilovuja

Macho hayana pazia, na fundi cherehani aliyeketi kiti cha nyuma cha basi aligundua kuwa masikio nayo hayana. Mbele yake abiria mmoja, dereva wa lori, alikuwa amepakata tangi jipya la samaki kama mtoto mchanga. Bibi mmoja msusi, aliyeketi kando ya dereva huyo, akaligonga kwa ukucha.

"Hili ni imara kweli, mwanangu?"

"Imara, mama. Kioo kinene, gundi kila pembe. Mke wangu kasema likivuja, nilale nalo nje."

Bibi akacheka. "La kwetu marehemu baba alilitengeneza kwa vioo vya dirisha. Likivuja analaumu samaki, eti wanasukuma kioo! Ukisikia 'Maji!', nyumba nzima mbio: mama na sufuria, mimi na beseni la kufulia. Hata kaka, aliyenuna tangu asubuhi, anakuja na ndoo."

Fundi alitamani kuuliza kilichopikwa baadaye kwenye sufuria ile, lakini anayesikiliza kwa kuibia haulizi.

"Na samaki, mama?"

"Walishazoea kuhama."

Dereva akaguna. "Wanangu watatu, kila mmoja chumbani na simu yake. Nimenunua hili angalau wakae pamoja sebuleni."

"Basi lirudishe dukani. Utafute linalovuja."

"Mama! Na zulia?"

"Zulia litakauka."

Basi likasimama, bibi akashuka. Dereva akabaki akipitisha kidole kwenye pembe za tangi, polepole, kama mtu anayetafuta ufa.