Nyumba Arobaini na Tatu za Lukasi Msumi

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Nyandira, nanyi mliotoka mjini leo na kupanda kwa miguu kuanzia pale malori yanapoishia, familia imemwomba mkwe wa marehemu, Frank, awasomee maisha ya mzee wetu Lukasi Tomasi Msumi, naye anaomba mumvumilie sauti ikimkatika.

Marehemu alizaliwa hapahapa Nyandira, Mgeta, tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa tatu wa mzee Tomasi Msumi na mama Scholastika, wakulima wa kabichi na njegere, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na wakati wenzake wakiteremsha matenga ya mboga barabarani, yeye alijulikana kwa kufungua redio za watu na, kama mama yake alivyopenda kusema, mara mojamoja kuzifunga tena.

Mwaka 1977 mjomba wake alimchukua Morogoro mjini, akajifunza ufundi umeme kwa miaka miwili katika chuo cha misheni, akaajiriwa mwaka 1980 kwenye kiwanda cha nguo, alikofanya kazi hadi Juni 1994 alipopunguzwa pamoja na wenzake wengi, na tangu hapo akajitegemea, akifunga umeme kwenye nyumba za Kihonda, Mafiga, Chamwino na Mji Mpya, miaka ile mji unapanuka na kila mwenye nyumba anataka taa ziwake kabla ya Krismasi.

Alifunga ndoa takatifu na Magreth tarehe 12 Julai 1986, wakajaliwa watoto wawili, Irene na Jastin, na wajukuu watano, ambao aliwafundisha wote kushika bisibisi kabla hawajajua kushika kalamu.

Mwezi Januari 2025 Irene, ambaye ni muuguzi huko Ngerengere, alinunua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika, na kwa kuwa yeye na mumewe Frank wanaishi kwa wazazi wa Irene, Kihonda, gari lilichajiwa kwenye soketi ya sebuleni. Tangu wiki ya kwanza breka, kile kiswichi kinachokata umeme chenyewe waya zikizidiwa, ilijizima kila baada ya saa moja au mbili, Irene akichelewa kazini, Magreth akihangaika na friji, na mzee akaagiza gari lisichajiwe hapo mpaka yeye atakapokagua. Mkwe wake hakusubiri. Mzee alipokwenda msibani Kisaki, Frank alinunua breka kubwa zaidi, akaing'oa ya zamani, akafunga hiyo, nayo haikujizima tena, wala hakumwambia mtu. Huyo Frank ndiye anayewasomea sasa.

Jumapili tarehe 9 Machi 2025, baada ya misa, mjukuu Esther, mwenye miaka minne, alikuwa amelala mkekani sebuleni, kando ya ukuta, gari likichajiwa nje. Mzee aliinama kumfunika kanga, mkono wake ukagusa ukuta, akaurudisha haraka kama aliyegusa sufuria jikoni. Akambeba mtoto hadi uani, akazima umeme wa nyumba nzima, akafungua boksi la breka, akauliza ni nani aliyeibadilisha.

"Ni mimi, baba," Frank alijibu.

"Ile ndogo ilikuwa inatuonya, Frank. Hii imekaa kimya, na waya ni uleule mwembamba."

Akachukua tindo na nyundo, akabomoa plasta, na ndani yake akakuta mahali waya mbili zilipounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu, pote pamekuwa mkaa. Akamwita mkewe.

"Magreth, hili si kosa la Frank peke yake. Kiungo hiki nilikifunga mimi."

Alikuwa amekifunga mwaka 1997, waya ulipopungua, akasokota vipande viwili na kuvifukia ukutani, na kwa taa, redio na pasi vilitosha miaka yote, lakini si kwa gari linalovuta umeme saa nane mfululizo bila kupumzika. Wiki hiyohiyo alivuta waya mnene mpya, mzima usio na kiungo, kutoka kwenye meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba, hadi nje, wenye breka yake peke yake, kwa ajili ya gari. Kisha akaketi na Magreth siku tatu wakikumbushana, wakaandika nyumba arobaini na tatu alizozifunga namna ileile, ambazo siku hizi watu wanachaji humo bajaji na pikipiki za umeme, akamwambia mkwe wake, "Utanibebea ngazi."

Wengi walimpokea vizuri. Mzee Nasibu wa Chamwino, ambaye mwanawe alikuwa akichaji bajaji chumbani, alimsimamisha mlangoni akiwa amekasirika.

"Lukasi, uliniapia kazi yako ni ya maisha."

"Niliapa, ndiyo maana nimerudi."

Mlango ulifungwa. Alirudi mara ya pili, ukafungwa, na mara ya tatu mzee Nasibu alimtokea na soketi mkononi, imeyeyuka upande mmoja, akampisha aingie, na leo yupo hapa pamoja nasi.

Kuanzia Agosti 2025 miguu ya marehemu ilivimba na pumzi ikawa fupi, madaktari wakasema moyo umechoka, wakamtaka apumzike, naye akawa anakaa kwenye stuli katikati ya sebule za watu, akielekeza, Frank akipanda ngazi. Hadi Desemba walikuwa wamemaliza nyumba thelathini na moja. Tarehe 19 Januari 2026 alilazwa. Jumatatu tarehe 2 Februari alimshika Frank mkono, akamuuliza kwa shida, "Kwa Filomena mmefika?" Bi. Filomena ni mjane wa Mji Mpya, nyumba yake ndiyo iliyokuwa ikifuata, na walikuwa hawajafika. Frank alijibu, "Tumefika, baba, tumemaliza." Mzee aliitikia kwa kichwa, akafumba macho, na Jumanne saa nne asubuhi akafariki dunia.

Jumatano, wakati turubai likifungwa nyumbani, Frank alibeba ngazi peke yake hadi kwa Bi. Filomena, akafungua ukuta, akakuta waya umeanza kuungua, akaubadilisha wote, akakaa sakafuni kwa mama yule akalia.

Zimebaki nyumba kumi na moja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kihonda, mafundi wenzake, na ninyi mliomleta mabegani hadi huku juu, na inamwomba yeyote ambaye marehemu alimfungia umeme, naye hajafikiwa, asiondoke leo kabla ya kumwona Frank.

Baba, ulichojibiwa sasa ni kweli, basi pumzika kwa amani.