Tundu la Tatu kwenye Mshipi wa Mzee Kibiwott

Naanza na kosa langu, maana likikaa ndani huoza. Mimi ni fundi wa viatu pale Tuwan, Kitale, mkabala na kinu cha kusaga unga, na kanisani ni shemasi. Mwaka huu wa themanini na nane nilimpa Mzee Kibiwott, mlinzi wa hicho kinu, dawa nisiyoijua. Ilikuwa isabgol, yale maganda mepesi ya mbegu ambayo Darshan huuza dukani kwake kwa watu wenye choo kigumu. Darshan alinieleza vizuri namna ya kuitumia, lakini mimi nilikuwa na haraka na kiburi, sikusikiliza. Nikamwambia mzee airambe kavu kama glukosi. Nikamshikia kijiko mwenyewe, kimoja, viwili, vitatu. Ikamfura kooni, akakohoa mpaka machozi, halafu akakaa siku nne bila kwenda choo. Aliponiuliza, nikasema, "Inafanya kazi, mzee. Inakusanya uchafu." Mungu anisamehe. Nilisema hivyo nikiwa na Biblia mfukoni.

Benchi letu ni ubao wa lori la zamani juu ya mawe mawili. Mbugua humwaga kahawa ya tangawizi kutoka birika lake jeusi, na sisi humwaga maneno. Asubuhi moja mwezi wa saba, Mzee Kibiwott alivua mshipi akanipa nitoboe tundu jipya. Tumbo lilikuwa likimwaka tangu Pasaka na suruali ilikuwa inamwanguka.

— Hilo ni tundu la ngapi, Shemasi? aliuliza Kiplagat, ambaye tunamwita Mursik kwa sababu hapitishi dakika tano bila kuyataja maziwa hayo ya kugandishwa kibuyuni.

— La tatu.

— La tatu! Hapana, leo tuchague dawa moja, bana. Huyu mtu anaisha tukimuangalia.

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, akasema Mbugua. Kwa hivyo apewe nyingi mara moja.

— Nyingi ya nini?

— Thabai! Yale majani yanawasha. Unachemsha, unaponda na viazi, unakula. Damu inajaa mpaka masikio. Mama yangu alizaa kumi na mmoja kwa thabai.

— Kwani Mzee Kibiwott anataka kuzaa?

Tukacheka. Hata mzee alicheka, mkono juu ya tumbo, kikombe kwenye goti.

— Sikizeni, akasema Kiplagat. Tumbo ni kama kibuyu. Kibuyu ukitaka kisioze unafanya nini? Unachoma kijiti cha mti wa senetwet, unasugua ndani na hilo kaa, halafu unaweka maziwa. Yanakaa wiki mbili, hayaharibiki. Sasa mtu akikunywa mursik kila siku, kaa linasugua tumbo. Hiyo ni sayansi.

— Ati sayansi! Unataka kumpaka mzee masizi ndani?

— Masizi ya nyumbani si haramu. Mcheza kwao hutunzwa.

Hapo akadakia Ngari. Ngari alikuwa dereva wa lori, na kwa kuwa aliwahi kubeba makasha ya dawa safari moja tu kutoka Nairobi, alitaka tumwite Daktari. Alisubiri mpaka wote tunyamaze.

— Mmewahi kuona kuku akilia tumbo?

— Hapana.

— Kuku anakula mahindi makavu bila meno. Anasagia na nini? Changarawe. Iko ndani ya firigisi, inasaga kama hiki kinu. Sasa si kuna lile jiwe laini wajawazito wanauziwa sokoni, odowa? Tunampa mwenye kinu asage kilo moja. Mzee anaramba kijiko asubuhi, kijiko jioni. Kila kitu kinasagika.

— Ngari, wewe utaua mtu.

— Dawa ya moto ni moto, bwana. Tumbo gumu, jiwe gumu.

— Na wewe, Shemasi? akauliza Kiplagat. Ile isabgol yako iliishia wapi?

Nikainama juu ya mshipi nikajifanya napima pa kutoboa. Nikasema isabgol ni nzuri, ila inataka imani. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilimbebesha mgonjwa kosa langu kwa jina la imani. Tena nikaongeza kwamba labda wakati huu achanganye zote, thabai, mursik, jiwe na isabgol, kwa sababu umoja ni nguvu. Wakaitikia wote. Ngari akasimama kwenda sokoni kutafuta odowa, na Kiplagat akaanza kumwelekeza mzee achanganye kwenye kopo gani.

Kando ya ukuta alikuwa amesimama mama mmoja na kikapu cha wimbi, akingoja zamu yake ya kusaga. Alikuwa mgeni, ametoka Malakisi wiki ile. Baadaye nilijua jina lake ni Nanyama. Alitusikiliza muda wote huo.

— Wazee, hamjambo, akasema. Samahani kuingilia. Huyu mzee jana alikula nini?

Ngari akarudi kukaa.

Mimi nilimtazama Kiplagat, Kiplagat akanitazama mimi. Nilikuwa nimedhani mzee anakula kwa Kiplagat, kwa sababu wote ni watu wa mlimani. Kiplagat alikuwa amedhani anakula kwangu, kwa sababu mimi ni shemasi. Mbugua akatikisa birika kama mtu anayetafuta jibu ndani yake. Lilikuwa tupu.

— Kahawa, akasema Mzee Kibiwott mwenyewe.

— Na juzi?

— Kahawa. Na mandazi moja.

— Mimi nilikuwa namwongezea kikombe, akasema Mbugua pole pole. Nikiona anashika tumbo, namwongezea. Nilidhani tangawizi inamsaidia.

— Kwetu mzee haingii jikoni, akasema Kibiwott. Tangu mke wangu Jerop afariki, jiko halijawashwa. Watu wakiniuliza, nasema nimekula. Nitasema nini tena, na nina mvi?

Nilimrudishia mshipi. Sikuutoboa. Nikamwambia mbele ya wote:

— Mzee, ile isabgol inanywewa na maji mengi. Darshan aliniambia, mimi sikusikiliza. Halafu nikakudanganya. Nisamehe.

— Nilijua hujui, Shemasi.

— Ulijua? Sasa mbona ulimaliza vijiko vitatu?

Akafunga mshipi wake kwa tundu la zamani, akaushikilia kwa mkono usianguke.

— Ulikuwa umenishikia kijiko, akasema. Tangu Jerop aende, hakuna mtu alikuwa amenishikia kijiko.

Siku hiyo Nanyama alimkorogea uji wa wimbi pale pale nyuma ya kinu, mwepesi, kidogo kidogo. Alipoondoka tulikuwa tumegawana siku, na tumempiga mzee marufuku kunywa kahawa kabla ya chakula. Kiplagat huleta mursik Jumatatu, na lazima niseme ukweli, mzee huusifu. Mbugua ana Jumanne na thabai yake. Ngari hununua omena, wale dagaa wa ziwani, njiani, na jiwe halitaji tena. Nanyama alikuwa na siku mbili za mlenda, laini, unateremka bila kutafunwa, na kwa mlenda wake ndio mshipi ulirudi tundu moja nyuma.

Mimi nina Alhamisi. Mke wangu yuko Bungoma anauguza mama yake, kwa hivyo naingia jikoni mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke. Lakini Nanyama amerudi Malakisi kuvuna tumbaku, na mlenda wangu unatoka mgumu kama kamba ya kiatu. Wanasema unataka munyu, yale maji yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Nimejaribu mara mbili, nikapata matope.

Safari hii nitasikiliza mpaka mwisho. Wewe unayenisikia, kama kwenu mnajua kuchuja munyu, tafadhali pita Tuwan Jumatano, unionyeshe.