Imba Kwanza: Miaka Thelathini ya Fundi Sermet

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2003, Fundi Sermet Kavak anastaafu katika karakana yetu ya ala za muziki hapa Wembley. Alianza kazi Jumatatu tarehe 5 Februari 1973, akiwa na koti moja na saz, yaani gambusi la Kituruki lenye shingo ndefu.

Wengi wetu tulichelewa kujua kwamba kwao Istanbul alikuwa mtu mashuhuri. Alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitia saz umeme na kuipiga pamoja na gitaa na dramu, nyimbo za wakulima zikachezwa na vijana wa mjini. Mwaka 1971 nyimbo zake zilipigwa marufuku redioni. Akaondoka, na hakuimba tena. Juzi juzi walikuja watu wawili kutoka huko kumpiga picha, wakamwita baba wa roki. Aliwapa chai, akaendelea kufunga nyuzi za fidla ya mteja.

Bwana Madhu, aliyetoka Nairobi mwaka 1968 na kufungua karakana hii, alimpa benchi la dirishani. Kwa kuwa sisi wengine tulitoka Unguja, Pemba, Mombasa na Kampala, lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Sermet alijifunza kwanza matusi, baadaye salamu.

Mwezi wa pili wa kazi yake alikosea. Mama Lila, aliyefukuzwa Uganda pamoja na maelfu ya Wahindi wenzake, alileta hamoniamu, kinanda kidogo cha mvukuto, iliyoumia safarini. Mumewe, marehemu Chaman, alikuwa akimpigia aimbe. Chaman alifariki wiki ya tatu baada ya kufika Uingereza, na tangu siku hiyo Mama Lila hakuimba. Sermet aliitengeneza vizuri, ila kibati cha sauti moja alikipiga tupa hadi sauti hiyo ikashuka kidogo, kama inavyopendeza kwao Uturuki. Mama Lila aliigusa mara moja tu, akafunga kifuniko.

Bwana Madhu alileta hamoniamu nyingine ya kufananishia. Haikusaidia. Chaman alikuwa ameichonga sauti ile kwa mkono wake, kufuata koo la mkewe, na hakuna aliyeijua isipokuwa koo hilo. Sermet akamwomba aimbe kidogo.

"Mimi siimbi tena, fundi. Wewe tengeneza tu."

"Nikibahatisha, Mama, nitamwondoa mumeo humu ndani kabisa."

Alikuja mara nne, akakataa mara nne. Alhamisi tarehe 12 Aprili, Sermet aliishusha saz yake ukutani, akaichomeka kwenye spika na kuimba wimbo uliomfukuzisha kwao. Wanawake wa duka la vitambaa jirani walitoka nje kusikiliza. Katikati sauti ilimpasuka, akaachia nyuzi.

Mama Lila aliweka kikapu chini. "Hee! Na wewe walikuwa wanakulipa kwa hiyo?" Akacheka, akafuta macho, kisha akaimba. Sermet alitega sikio, akashika tupa. Jioni hiyohiyo hamoniamu ilirudi nyumbani.

Tangu hapo kanuni ya karakana ni moja: kabla fundi hajagusa sauti ya ala, mwenye ala aimbe. Madereva wa basi wameimba hapa kwenye foleni na kofia zao kichwani. Masharifu wameimba, na wauguzi pia. Mwanabaraka, anayerithi benchi la dirishani, amefundishwa hivyo kwa miaka kumi na moja.

Tarehe 17 Juni mwaka huu, Sermet mwenyewe aliniambia niandike kwenye kitabu cha kazi, ninachokitunza mimi, kwamba masikio yake hayausikii tena uzi mwembamba. Hakuna mteja aliyekuwa amelalamika. Wiki iliyopita alituomba tusimpe saz leo, kwa sababu hawezi kujua kama iko sawa.

Fundi, hatutakulazimisha. Tunakushukuru kwa kutusikiliza miaka yote hii, na tunakuombea mapumziko yenye afya na watu wa kukucheka, kama alivyokucheka Mama Lila. Lakini kanuni ni yako. Mwanabaraka ametia nyuzi mpya, lakini hatazirekebisha sauti mpaka uimbe, na saz iko kulia kwa kiti chako. Mama Lila amekaa mstari wa mbele na hamoniamu yake. Ataimba yeye kwanza.