Uzi Mwekundu na Nyati wa Babu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Amina hiyo ni ndogo, siinunui. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa tunaelewana.

Mnanijua: Zakaria wa kava na chaja za simu, pale Albert Park. Mteja akitaja bei, nacheka. Mimi nikitaja bei, anacheka yeye. Tukichoka kucheka, tunauziana.

Lakini kuna mtu mmoja sikuweza kucheka mbele yake. Mimba mbili za kwanza za mke wangu Furaha zilitoka. Ya tatu ilipoingia, hofu ikanikaba. Jumapili nilikuwa hapa naimba, mikono juu. Jumatatu napanda ghorofa kwa mufumu, mganga wa kwetu. Akanifunga uzi mwekundu mkononi. Akasema, "Huu ndio unamshika mtoto tumboni. Ukikatika, mtoto anaondoka."

Bei yake kuku mweupe. Sawa. Mimba ikakua, akataka mbuzi. Eish! Mimba ya miezi minane, anataka ng'ombe. Ndugu zangu, biashara ninayoijua mimi, ukibishana bei inashuka. Ya huyu bwana ilipanda tu, kama lifti isiyo na kitufe cha kushukia. Na mimi, fundi wa kubishana, nilijibu "ndiyo, papa." Nilivaa shati la mikono mirefu hata kwenye joto la Desemba hapa Durban, uzi usionekane. Nilikuwa mtumwa wa uzi!

Mungu akaniletea mteja. Mama Mai, Mhmong aliyezaliwa Amerika. Mume wake ana kazi bandarini. Wahmong hao, wazee wake walitoka milima ya Laos, kule Asia. Mama huyo alibishana bei ya chaja mpaka nikamheshimu. Nikanyoosha mkono kumpa, shati likapanda, akaona.

"Wewe unafunga mwekundu?" akacheka. "Kwetu ni mweupe. Babu yangu mikono yote miwili ilijaa nyuzi za kuwashika watu wa nyumba yake wasiondoke."

Akavuta stuli, akanisimulia. Zamani hizo mtoto wa babu yake aliugua. Mizimu ikataka kuku. Kisha nguruwe. Kisha nyati wa kufugwa, wa kulimia, naye alikuwa na mmoja tu. Ndipo akapanda kijijini mmisionari mzungu, pamoja na mtu wa kabila jirani wa kumtafsiria. Babu hakuuliza mbingu iko wapi. Aliuliza, "Huyo Yesu wenu anakula nini?"

"Hali kitu chako," mzungu akajibu. "Alijitoa yeye mwenyewe, mara moja, ikatosha."

Babu akamtazama nyati wake. Akanyoosha mkono. "Kata uzi mmoja kwanza. Tuone."

Wakakata mmoja. Asubuhi babu akahesabu watu wa nyumba, akahesabu tena: wote wapo, na mtoto anaomba uji. Haya, kata mwingine. Asubuhi, hesabu. Hivyo hivyo, mpaka bibi akachoka, akamnyang'anya mzungu mkasi. "Mzee, huyu ni Mungu! Si nyanya za sokoni, unabonyeza moja moja!" Akakata nyuzi zote. Madhabahu ya mizimu ikashushwa ukutani, ikachomwa. Nyumba nzima ikaamini, na nyati akarudi shambani.

Ndugu zangu, mzee huyo ni ndugu yangu kabisa! Nikamwambia Mama Mai, "Mimi wangu ni mmoja tu. Nikate nusu?"

Kumbe Furaha yuko nyuma anapanga kava, amesikia yote. Akatoka, tumbo mbele.

"Chéri, ndiyo maana ya mikono mirefu na joto hili? Mtoto yuko tumboni mwangu, wewe unamfunga mkononi mwako?"

Nikanyoosha mkono, nikasema, "Yesu, bei ulishalipa. Sibishani." Furaha akakata kwa mkasi wa dukani.

Mama Mai hajaondoka, mufumu akapiga simu kudai ng'ombe wake, nikamwambia, "Papa, uzi umekatika, na duka letu mimi na wewe limefungwa." Akasema mtoto hatafika. Nikakata simu. Tukaomba wote watatu, pale pale kati ya chaja.

Sidanganyi, hofu haikutoka siku moja. Kila asubuhi: "Furaha, anacheza?" "Anacheza." "Una hakika?" "Zakaria, hayo mateke anakupiga wewe!"

Mtoto alikuja Jumanne, jua likiwaka. Binti! Nesi akaniwekea mikononi. Nikahesabu vidole: kumi. Nikahesabu tena: kumi. Nikashuka miguuni. Nesi akauliza, "Baba, unatafuta nini?"

"Natafuta kasoro, niombe punguzo," nikamwambia. "Haiko." Nikalia kama mtoto, na mtoto akaninyamazia.

Asante Yesu! Leo tazameni, shati la mikono mifupi. Ndugu yangu, dada yangu, kama una uzi wako, wa mkononi au wa moyoni, na anayekudai kila siku anaongeza, njoo kwa huyu asiyeongeza. Mkasi uko dukani. Tutaomba, tutakata, na ni bure.

Nani hapa amewahi kunisikia nikitamka neno hilo?