Radivoje wa Forodha na Chupa Iliyokataliwa

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliokuja kuhakikisha kwamba kweli ameondoka, maana hata yeye asingekubali bila kuona karatasi, mtu tunayemsindikiza leo ni mjomba wangu Radivoje Stančić, aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1951 katika kijiji cha Suvi Breg, juu ya mji wa Pirot, mtoto wa pili wa marehemu Tihomir na marehemu Stanija, na katika familia inasemwa kwamba alipopewa ziwa mara ya kwanza alionja, akatema, akamtazama mama yake vizuri, ndipo akanyonya.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini hadi mwaka 1966, akaendelea na shule ya biashara Pirot akamaliza mwaka 1970, akatumikia jeshi Skopje, na mwezi Septemba 1973 akaajiriwa forodhani kwenye mpaka wa Bulgaria, ambako yeye na kazi walikuwa chanda na pete mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Alikuwa na kanuni yake ambayo hakufundishwa na mtu: dereva ambaye yeye alikwisha kumwamini, akimpa sigara, aliipokea na kuivuta papo hapo, lakini yule ambaye ameamua kumpekua gari mpaka matairi, kwake hakupokea hata kiberiti. Madereva wa malori wakaijua, ikawa Radivoje akikataa sigara, mtu anateremka mwenyewe na kuanza kushusha mzigo.

Tarehe 21 Oktoba 1978 alifunga ndoa na Desanka Manić, mfumaji wa mazulia, baada ya uchumba wa miaka miwili, ambao Desanka anasema mwaka wa kwanza ulikuwa mapenzi na wa pili ulikuwa upelelezi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Dragica mwaka 1980 na Nebojša mwaka 1983, na wajukuu watatu waliojifunza kuonyesha mifuko yao kwa babu kabla hawajajifunza kuamkia.

Mwezi Machi 2014 Desanka aligundulika kuwa na saratani ya titi, akapasuliwa mwezi Aprili, na kuanzia Mei akawa anapelekwa hospitali ya mji wa Niš kuwekewa dawa kwa dripu. Wako wanaume ambao mke akipatwa na jambo kama hilo hulia, wengine hunywa, wengine huingia kanisani walikokuwa hawaonekani, lakini Radivoje alifanya jambo pekee alilolijua, alikagua. Alisoma maandishi ya kila mfuko wa dripu, akamhoji muuguzi kwa nini dawa ya Desanka ni nyekundu na ya mgonjwa wa kitanda cha pili ni nyeupe kama maji, akanusa supu ya hospitali, akapitisha vidole kwenye bitana ya wigi jipya mpaka Desanka akamwambia kwamba kama amekuta sigara za magendo humo, wagawane. Majirani waliokuja na keki aliwazuia mlangoni, akiwashuku kuwa wamekuja kutazama nywele, si mgonjwa. Desanka naye hakusalimika na ukaguzi huo, kwani kila aliposema leo hana maumivu, mumewe alimtazama kama dereva anayesema hana kitu cha kutangaza.

Sasa, hapa kwetu sote tunajua kwamba kwa daktari hakuendwi mikono mitupu. Siku ya dripu ya pili Radivoje alichukua chupa ya rakija, pombe kali ya plamu, aliyoipika mwenyewe mwaka aliozaliwa Nebojša, akaizungushia gazeti, akampelekea Daktari Jasmina Ristanović aliyekuwa akimtibu mkewe. Daktari akatabasamu, akamrudishia, akamwambia yeye hapokei, mzee airudishe nyumbani wakainywe wenyewe. Radivoje alishuka ngazi amebadilika rangi, na kwenye gari akaikagua chupa upya, kizibo mpaka kitako.

Desanka akamwambia labda daktari hanywi pombe.

"Hujaelewa," akasema. "Mimi cha mtu nilikuwa nakataa lini? Nikishamhukumu."

Hapo ndipo alipokata shauri kwamba dripu ya tatu haitakuwepo, kwa kuwa yule mwanamke alikwisha kumwandika Desanka miongoni mwa wafu na sasa anamtesa bure, akatoa betri ya gari, akaifungia ghalani na ufunguo akauvaa shingoni. Desanka alimbembeleza, akamtukana, akamrushia kitana cha kufumia, na mnaomjua Desanka mnajua kwamba hakukosa shabaha, lakini Radivoje alijifuta damu kwenye nyusi na kujibu kwamba yeye hamkabidhi mkewe kwa mtu ambaye hana tena haja naye. Siku ya dripu ikawa inakaribia, na gari halina betri.

Desanka akaenda kwa jirani Zagorka kuomba sukari, na akiwa jikoni kwake akapiga simu hospitali, na Zagorka, ambaye katika maisha yake hajawahi kusikiliza simu ya mtu isipokuwa akiwa karibu, anasema maneno yalikuwa haya:

"Daktari, ile chupa nakuomba uipokee. Usipoipokea, huyu mzee atanizika mzima mzima."

Kisha akarudi na sukari yake, akamwambia mumewe waende mara moja tu, wampe daktari chupa tena, na akiikataa, basi yeye atakaa nyumbani na neno hospitali halitasikika kinywani mwake. Radivoje akawaza, akaenda ghalani, betri ikatoka.

Tarehe 16 Juni 2014 daktari aliipokea chupa kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka juu ya meza. Radivoje alimtazama kidogo, akamtakia afya, akatoka na kwenda kukaa kando ya dripu, na tangu siku hiyo hadi dripu ya mwisho mwezi Septemba alimpeleka mkewe mwenyewe na hakuuliza tena rangi ya dawa. Vipimo vya vuli vilirudi safi, na vya miaka iliyofuata vikarudi safi.

Tarehe 8 Novemba 2019, siku ya mtakatifu wa nyumba yao, Desanka akiwa na glasi mkononi aliamua kutoboa siri mbele ya meza nzima, ile simu na ule mpango, watu wakacheka mpaka mshumaa wa mtakatifu ukataka kuzimika, kisha wote wakamgeukia Radivoje waone atakavyofura. Yeye akajifuta masharubu.

"Miaka thelathini na minane mpakani, bibie, unadhani sikuona? Anayepokea chupa kwa moyo huitazama ni ya nini, halafu huificha. Yule aliiweka mezani kama mzigo wa mtu mwingine. Nikajua mmepanga."

Desanka akamuuliza kwa nini basi hakumrudisha nyumbani.

"Kwa sababu mtu hahangaiki na magendo kama hana mahali anakotaka kufika. Nikaona wewe bado unataka kufika. Nikaacha gari lipite."

Desanka aliondoka mezani akisema mkate unaungua, wakati tanuri ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Mwezi Januari 2024 Radivoje alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa, akawa hamezi kidonge mpaka Desanka akilambe kwanza, na Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, akafariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, na wamsamehe waliohojiwa, inawashukuru wenzake wa forodha waliobeba jeneza, na Zagorka kwa sukari na kwa masikio yake, na kwa namna ya pekee Daktari Ristanović, aliyetoka Niš asubuhi hii na kusimama pale nyuma, kwa dawa na kwa uongo wake mdogo.

Mjomba Radivoje, Desanka ameagiza nikusomee hivi: fumba macho yote mawili, mimi bado niko macho. Pumzika kwa amani, na amani hiyo ipokee kama ilivyo.