Velko Dobrev Minchev na Alhamisi Zake

Velko Dobrev Minchev alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 katika kijiji cha Dolni Bryast, siku ambayo wanaume hupogoa mizabibu na kuimwagia divai. Baba yake, Dobri, aliitwa kutoka shambani akiwa bado ameshika kisu cha kupogolea, akaambiwa mkewe Zlata amejifungua mtoto wa kiume, wa tatu na wa mwisho. Mtoto alipewa jina la babu yake, aliyejenga daraja la mawe ambalo jeneza limepita juu yake asubuhi ya leo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha shule ya ufundi wa reli huko Gorna Oryahovitsa, akahitimu mwaka 1970. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba tangu utotoni hakuhitaji saa. Alikuwa akisikia treni bondeni tu, anasema, “Mama, ya Ruse hiyo, epua maharagwe.” Naye mama aliepua, na hayakuwahi kuungua.

Mwaka 1974 alianza kuendesha treni katika njia inayokatiza milima ya Balkan, na huko ndiko alikomwona mwalimu kijana wa kemia, Nevyana Paskaleva, mhitimu wa chuo kikuu cha Sofia, amesimama kwenye dirisha la shule iliyo juu ya reli. Kila alipopita hapo alipiga honi. Wanafunzi wakawa wanasema, “Mwalimu, yule wako anapita,” naye akiwajibu waangalie ubao. Mkuu wa shule alipolalamika stesheni, Velko alifika mwenyewe kuomba radhi, amevaa tai ya kuazima. Walifunga ndoa tarehe 25 Septemba 1977, wakajaliwa watoto wawili, Momchil na Tsveta.

Tarehe 24 Januari 2003, katika ukungu, mkulima mmoja aitwaye Asen alivuka reli kwa trekta mbele ya treni ya Velko. Mkulima huyo alifariki palepale. Wachunguzi walimkuta Velko hana kosa lolote, nalo hilo liandikwe na likumbukwe. Lakini tangu siku hiyo hakuendesha tena. Honi iliposikika bondeni, yeye alishuka kwenye ghala la divai akakaa gizani mpaka treni imepita. Aliacha kunyoa ndevu, akaacha kula mezani, akaacha kuitikia jina lake.

Ugonjwa huo unaitwa sonona. Familia yake inautaja hapa kwa jina lake, mbele ya kaburi lake, ili mtu mwingine asije akautaja kwa namna yake mwenyewe. Miaka ile kijiji kiliambiwa kwamba ni mgongo. Mgongo nao ulikuwa ukimuuma kweli.

Alipewa vidonge, vikamlaza usingizi bila kumpumzisha. Padre alimsomea sala. Ndipo kaka yake alipompeleka kwa Bibi Stoyna wa mtaa wa juu, aliyekuwa akiwaagua watu waliopatwa na hofu kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Alimfunika shuka kichwani, akayeyusha risasi, akaimwaga ndani ya bakuli la maji lililoshikwa juu yake. Risasi ikiganda, hutoa sura ya kile kilichomtisha mtu, kiwe mbwa, moto au maiti. Bibi Stoyna aliangalia ndani ya bakuli, akamwaga tena, akaangalia.

“Hapa hapana kitu,” alisema. “Velko, mwanangu, mimi nadanganya wengi lakini wewe sikudanganyi. Hofu yako imenizidi.”

“Basi nife?” Velko aliuliza. Ndilo neno la kwanza alilokuwa amesema wiki ile.

“Nani kasema ufe? Mjukuu wangu alirudi jeshini akawa analala chini ya kitanda. Kuna daktari mwanamke pale Gabrovo, kwenye maktaba ya mji, ghorofani. Hana risasi wala kidonge. Watu wanakaa duara wanaongea. Nilimcheka sana yule mama. Sasa mjukuu wangu analala juu ya kitanda kama watu. Nenda.”

Hivyo ndivyo marehemu alivyofika kwa Daktari Ralitsa Koeva. Kila Alhamisi alipanda basi kwenda Gabrovo, na jirani aliyemwona aliutakia mgongo wake heri. Miezi ya mwanzo hakufungua kinywa. Halafu jioni moja alirudi nyumbani, akakaa mezani, akamwambia mkewe jina la yule mkulima. Alikuwa hajawahi kulitamka. Mwaka uliofuata honi ilisikika wakati wa chakula cha mchana, naye hakushuka ghalani. Aliinua kichwa akasema, “Imechelewa,” akaendelea kula supu.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Velko alianza kuwahesabu kwa macho wale ambao hawakuweza kupanda basi: mjane aliyekuwa haamki kitandani, kijana aliyerudi kutoka Hispania akinywa peke yake, mchinjaji Kolyo aliyemzika binti. Masika ya mwaka 2008 aliamua duara liwe hapa, uani kwake, Alhamisi, na Daktari Koeva akakubali kupanda huku. Mkewe alimwomba afikirie watu watasemaje. Alijibu, “Nevyana, nataka waseme. Ndiyo maana ya duara.”

Akaenda mjini kwa Mzee Gencho mpiga chapa, akampa picha yake ili watu wajue ni lango lipi, akataka tangazo. Mzee Gencho kwa miaka mingi hakuwa akichapa kitu ila matangazo ya vifo, yale tunayobandika langoni na kwenye nguzo. Akayapanga maneno kama mkono wake ulivyozoea: fremu nyeusi, picha katikati, jina kwa herufi kubwa, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, “Alhamisi saa kumi na moja jioni, mlango uko wazi.” Velko hakuona ubaya. Aliyabandika mwenyewe, akiimba.

Nani husoma herufi ndogo za tangazo kama hilo? Watu waliona picha na fremu, wakajifuta macho, wakaenda kupika. Alhamisi jioni kijiji kizima kilisimama langoni, nguo nyeusi, maua ya idadi shufwa mkononi, kama yanavyopelekwa kwa wafu. Velko akafungua.

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi Stoyna alikuwa mbele na bakuli la ngano ya matanga, sukari imenyunyizwa juu.

“Kumbe upo,” alisema.

“Nipo, bibi.”

“Nimekesha na hii ngano. Nimfanyie nani sasa?”

“Ingieni. Tutaila wenyewe.”

Kolyo mchinjaji alimgeukia mke wa marehemu. “Mwalimu, na ule mgongo?”

“Mgongo anao,” alijibu. “Kaeni.” Akaleta viti vyote vya nyumbani, halafu viti vya jirani, halafu mbao.

Bibi Stoyna alichota kijiko cha kwanza, akamnyooshea Velko kama kinavyonyooshwa kwa ajili ya wafu, na kwa mazoea akasema, “Mungu amsamehe.”

Velko alikipokea kile kijiko.

“Amina,” alisema. “Miaka mitano nangoja mtu aniambie hivyo.” Akala.

Watu walikuwa wamekuja na mambo mazuri ya kusema juu ya maiti, na sasa maiti ameketi mbele yao anatafuna. Wakamwambia usoni. Yalipokwisha ya Velko, Kolyo akaanza kumzungumzia binti yake, ambaye hakuwa amemtaja tangu mazishi, na baada yake mwingine, na mwingine. Daktari Koeva alikuja na karatasi za maelezo, hakuzigawa. Alikaa tu kwenye ubao na kusikiliza, mikono mapajani, kama mtu aliyeingia kanisani.

Kwa miaka kumi na mitano lango hilo halikufungwa siku ya Alhamisi. Velko alijua mlango wa zahanati ya mjini usio na foleni, basi linalorudi jioni, na padre anayesikiliza bila kuhubiri. Aliwasindikiza watu mwenyewe, na majina yao ameondoka nayo.

Alifariki Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, hospitalini Gabrovo, kwa maradhi ya moyo na si kwa jambo jingine lolote, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mjane, Nevyana, mwana, Momchil, binti, Tsveta, wajukuu, Boyan na Elitsa, na kaka yake, Radoy. Familia inamkumbuka pia Asen, ambaye mshumaa wake Velko aliuwasha kila Januari.

Tangazo lililo langoni safari hii ni la kweli. Mjane alimwagiza Mzee Gencho aache fremu na picha vilevile, na mstari wa chini asiuguse ila aukuze, usomeke kutoka ng’ambo ya barabara. Leo ni Alhamisi. Ngano imepikwa, viti vimetolewa. Saa kumi na moja jioni, mlango uko wazi.

Pumzika kwa amani, Velko. Mungu amekusamehe.